Harvey Dent ni mtu wa aina gani? Mwendesha mashtaka mmoja, vipimo vitatu vya tabia, na swali moja ambalo herufi nne haziwezi kujibu



Siku hizi kila kijana yuko na herufi zake nne. Mmoja anaandika kwenye profili yake «INTJ», mwingine «ENFP», mwingine anasema «mimi ni namba 8, usinichezee». Katika semina za vijana watu wanagawanywa: huyu ni kolerike, huyu ni flegmatike, hawa wawili hawafai kuoana. Na sasa hata kwenye dosiye za kazi, kisha CV na barua ya motivation, unakuta karatasi ya maswali 60: «Unapenda kukaa na watu ao kukaa peke yako?» Unajibu, unatuma, na mtu usiyemjua anaamua kama unafaa.

Kwa hiyo inafaa tujue hivi vipimo vinapima nini na haviwezi kupima nini. Ningeweza kueleza kwa nadharia tupu, lakini nadharia tupu inalaza watu. Tuchukue mtu mmoja ambaye wengi wetu tunamjua, tumpimishe vipimo vyote, tuone vitasema nini. Mtu huyo ni Harvey Dent, mwendesha mashtaka wa mji wa Gotham katika filme The Dark Knight ya Christopher Nolan, iliyotoka mwaka 2008. Aliyemcheza ni Aaron Eckhart.

Nimemchagua sababu yuko na kitu adimu: tunamwona kabla na tunamwona kisha. Sehemu kubwa ya filme ni mtu wa sheria ambaye mji mzima unamtegemea. Kwenye sehemu ya mwisho ni muuaji anayerusha sarafu ili kujua nani atakufa. Kama kipimo cha tabia kina nguvu kweli, hapa ndipo kingepaswa kuionyesha.

Kwanza, kazi yake

Kwetu Kongo tunamwita procureur, na procureur wetu ni magistrat: anateuliwa kwa ordonnance ya Rais wa Jamhuri, kwa pendekezo la Conseil supérieur de la magistrature. Hafanyi kampanye. Huko Marekani sehemu nyingi ni tofauti. Mwendesha mashtaka wa eneo anachaguliwa na wananchi kwa kura, kama vile sisi tunachagua député. Anabandika picha zake barabarani, anachangisha feza, anatoa ahadi.

Tofauti hii si ndogo. Ina maana Dent anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuwashtaki wahalifu, na kubaki na uso mzuri mbele ya watu. Ukisahau hii kazi ya pili, hutaelewa kitu juu ya tabia yake.

Huyu mtu hakuzaliwa kwenye filme. Alitoka kwenye vitabu vya michoro vya Batman mwaka 1942, kazi ya Bob Kane na Bill Finger, na mwanzoni aliitwa Harvey Kent. Kule, jambazi anamrushia asidi usoni ndani ya tribinali, nusu ya uso inaharibika, na anakuwa Two-Face, yaani mwenye nyuso mbili. Filme ilibadilisha mambo mengi lakini ilishika vitu viwili: uso uliogawanyika na sarafu.

Kipimo cha kwanza: herufi nne

MBTI ilitengenezwa na mama na binti yake, Katharine Cook Briggs na Isabel Briggs Myers, Wamarekani. Walijengea juu ya kitabu cha Mswisi Carl Jung cha mwaka 1921 kuhusu aina za watu. Wanakugawa mara nne: unapata nguvu kwa watu ao ukiwa peke yako (E ao I), unaamini mambo unayoyaona ao picha kubwa iliyo nyuma yake (S ao N), unaamua kwa hesabu ya kichwa ao kwa kuangalia watu na thamani zako (T ao F), unapenda mambo yaliyopangwa ao mlango uliobaki wazi (J ao P). Mbili mara mbili mara mbili mara mbili inatoa aina 16.

Tumpime Dent. E ni wazi: yuko sawa mbele ya kamera kama samaki ndani ya maji. Kwa N, tuko na ushahidi mzuri. Anawashtaki kwa mpigo mmoja wahalifu zaidi ya 500, na meya anamuuliza kama kesi hizo zitasimama. Dent anajua kwamba nyingi hazitasimama. Hesabu yake ni nyingine: wakubwa watalipa dhamana na kutoka, lakini wale wa katikati hawawezi kukaa mbali na barabara muda wote wa kesi na rufaa, watakubali makubaliano yenye kifungo, na mji utapata miezi 18 ya barabara safi. Mtu wa S angeangalia kesi moja moja. Dent anaangalia mji mzima. Na hesabu baridi ya namna hii inanuka T. Mpango ulioandaliwa vile ni J. Kwa hiyo: ENTJ, «kamanda».

Lakini subiri. Mwingine atakuja na kusema: hapana, huyu ni F. Angalia namna anavyompenda Rachel. Angalia namna anavyosimama mbele ya wanahabari na kusema ni yeye Batman, wakati si yeye, kusudi akamatwe badala ya mwingine. Mtu wa hesabu hafanyi hivyo. Basi ni ENFJ. Na huyu naye yuko na ushahidi.

Nani ana haki? Hapa mimi kama mtu wa agronomia nacheka kidogo, sababu tatizo hili tunalijua kwenye udongo. Tuko na pembe tatu ya textures: ukiwa na asilimia 41 ya udongo wa mfinyanzi, na mchanga na silti si nyingi, udongo wako unaitwa argile. Ukishuka asilimia 39, jina linabadilika. Je, mashamba haya mawili ni tofauti? Mkulima akilima hataona chochote. Ni sisi tuliopiga mstari kwenye 40. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akisoma majina tu, atadhani ni udongo wa dunia mbili.

MBTI inapiga mstari kama huo mara nne, na watu wengi wako karibu na mstari. Ukijibu leo unapata T kwa 51, ukijibu kisha wiki tano, umelala vibaya, unapata F. Ndiyo maana wachunguzi wamekuta kwamba watu wengi wanaorudia mtihani wanabadilisha walau herufi moja. Tabia yao haikubadilika. Mstari ndio ulipita katikati yao. Dent, kwenye T na F, ni shamba la asilimia 40.

Kipimo cha pili: namba tisa

Enneagramu ya leo ilitoka Amerika ya Kusini. Óscar Ichazo, mtu wa Bolivia, aliifundisha kule Arica, Chile. Mwanafunzi wake Claudio Naranjo, daktari wa akili wa Chile, akaipeleka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuna aina tisa. Kwa upande wa sayansi mizizi yake ni mifupi, tuseme ukweli. Lakini iko na swali zuri ambalo MBTI haina: badala ya kuuliza unafanya nini, inauliza unafanya hivyo juu ya nini. Unaogopa nini? Unatafuta nini?

Kwa Dent kuna wagombea watatu. Namba 3 ni mtu wa mafanikio na wa uso mzuri: inafaa kazi ya kuchaguliwa. Namba 8 ni mtu wa nguvu ambaye hataki kutawaliwa: kwenye tribinali shahidi anamtolea bastola, Dent anamnyang'anya, anampiga ngumi, kisha anataka kuendelea na maswali. Namba 1 ni mtu wa haki: kila kitu kiwe sawa, kilichopinda kinyooshwe, na chini kabisa kuna hasira ambayo haruhusu itoke.

Mimi nasimama kwenye 1, na ushahidi wangu ni sarafu.

Dent anabeba sarafu ya baba yake. Kila mara kuna uamuzi, anairusha, pile ao face, na watu wanafikiri ni mtu anayecheza na bahati. Baadaye Rachel anaishika mkononi na kuigeuza: pande zote mbili ni face. Haijawahi kuwa bahati. Dent alikuwa ameamua kabla ya kurusha. Alikuwa anavaa nguo ya bahati juu ya uamuzi wake mwenyewe.

Huyo ni mtu anayeogopa nini? Anaogopa dunia isiyo na mpangilio. Anaogopa kwamba mema na mabaya yanagawanywa ovyo, bila hakimu. Kwa hiyo anahakikisha kwamba kwake yeye, bahati haiingii.

Sasa ona kinachotokea. Joker anawafunga Dent na Rachel, kila mmoja mahali pake, katikati ya mapipa na mabomu, na anatoa anwani zikiwa zimebadilishwa. Batman anakimbia kwa Rachel na anamkuta Dent. Rachel anakufa. Nusu ya uso wa Dent inaungua. Na sarafu inapatikana imeungua upande mmoja. Sasa, kwa mara ya kwanza, iko na pande mbili za kweli.

Wengi wanasema: pale Dent akawa mtu mwingine. Sikubali. Mwangalie vizuri kisha moto. Je, anaua ovyo? Hapana. Anamtafuta kila mtu aliyeshiriki, mmoja mmoja, anamweka mbele ya sarafu, na anatii sarafu. Ikisema aishi, anamwacha. Hata Joker mwenyewe, mtu aliyemwua Rachel, sarafu ilimwacha na Dent akamwacha. Hata yeye mwenyewe alijipimia sarafu. Anafanya nini hapo? Bado anafanya tribinali! Bado anatafuta haki isiyopendelea mtu. Ila hakimu aliyekuwa ndani yake alikufa ndani ya moto, na nafasi yake amekalisha kipande cha chuma.

Kwa hiyo namba 1 ilikuwa sawa kabla, na namba 1 iko sawa kisha. Na hapa ndipo tatizo kubwa linatoka. Kama procureur mwema na muuaji wana namba moja ileile, basi namba hiyo haituambii kile tulichotaka kujua. Inatuambia, kama mtu huyu ataanguka, ataanguka kwa namna gani, ataongea lugha gani wakati wa kuanguka. Haituambii kama ataanguka.

Kipimo cha tatu: mizani mitano

Wanasaikolojia wengi wa chuo kikuu hawatumii MBTI wala Enneagramu. Wanatumia Big Five, mizani mitano: kupenda mambo mapya, bidii na utaratibu, kupenda watu na shughuli, upole wa kukubaliana na wengine, na wepesi wa kuhangaika ao kusononeka. Faida yake ya kwanza ni kwamba haina masanduku. Haisemi «wewe ni argile», inasema «uko na asilimia 39». Faida ya pili: mzani wa bidii na utaratibu una uhusiano na kufanya kazi vizuri katika kazi za namna nyingi, Barrick na Mount walionyesha hivyo mwaka 1991 kwa kukusanya tafiti nyingi pamoja.

Dent tungemweka juu kabisa kwenye bidii, juu kwenye kupenda watu na shughuli, chini kidogo kwenye upole. Na kuhangaika? Hapa angejaza mwenyewe: «Mimi ni mtulivu.» Na asingekuwa anadanganya. Mtu aliyetolewa bastola usoni na akabaki na maneno ya kuchekesha, unamwitaje kama si mtulivu?

Lakini kuna scene moja wengi wanaisahau sababu inapita upesi. Dent bado mzima, uso bado mzuri. Kwenye mazishi ya mkuu wa polisi kuna shambulio, na mmoja wa watu wa Joker anakamatwa. Kwenye kifua chake kuna kibandiko cha jina: Rachel Dawes. Dent anaelewa ni nani atakayefuata kuuawa. Anamchukua yule mtu, anamfunga, anamwekea bastola kichwani, na anarusha sarafu. Batman anafika na kumsimamisha: huyu mtu ni mgonjwa wa akili, hataongea chochote, na mtu yeyote akiona hii, kesi zako zote zitaanguka.

Tunajua sarafu ilikuwa bado na face mbili, kwa hiyo labda hangempiga risasi. Yule mgonjwa hakujua hivyo. Kwake yale yalikuwa mateso ya kweli.

Hii scene haionekani ndani ya Big Five, sababu Big Five inatoa wastani. Dent kwa wastani ni mtulivu, kama vile mvua ya mwaka kwa wastani inaweza kutosha na bado mahindi yakakauka, sababu jua lilichoma wiki mbili za maua. Mkulima havuni wastani.

Kile kinachobaki: «kama… basi…»

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Walter Mischel aliandika kitabu kilichowachoma wenzake. Alionyesha kwamba ukichukua tabia ya jumla ya mtu ukajaribu kutabiri atafanya nini kesho mahali fulani, unapata kidogo kuliko unavyofikiri. Baadaye yeye na wenzake wakapendekeza njia nyingine: usimwandike mtu kwa sifa tupu, mwandike kwa «kama… basi…». Mtoto si «mkali» tu. Ni mkali kama mwenzake anamcheka, lakini ni mpole kama mtu mzima anamkaripia. Mwingine ni kinyume. Kwa wastani wote wawili ni sawa. Kwa kweli ni watoto wawili tofauti.

Tumwandike Dent hivyo:

Kama hatari inamwangukia yeye mwenyewe, basi anakuwa mtulivu, hata anakuwa shujaa. Bastola kwenye tribinali, na kujitangaza kuwa Batman: zote mbili ni mstari huu.

Kama anaweza kushika matokeo mkononi, basi anajifanya mtu wa bahati na anafuata sheria. Sarafu ya face mbili.

Kama hatari inamwangukia yule anayempenda, na hawezi kushika matokeo, basi sheria inatoka mkononi mwake.

Mistari mitatu tu. Na mstari wa tatu ulionekana kabla ya moto, kabla ya kifo, kabla ya uso kuungua. Aliyeuona ni Batman, na Batman akaufunika, sababu mji ulihitaji uso safi. Kule nyuma kulikuwa na dalili nyingine: alipokuwa anachunguza polisi wenzake, wale polisi walikuwa wamempa jina la utani, Harvey wa nyuso mbili. Watu wa chini waliofanya naye kazi walikuwa na kipimo chao, na hakuna aliyewauliza.

Hii tunaijua pia kwenye mbegu. Chukua maharagwe ya kupanda kwenye miti, yale yanayopendwa huku Kivu kwenye milima. Uyape ubaridi, udongo mzuri na miti mirefu, yatakushangaza. Chukua mbegu ileile, uipeleke chini kwenye joto la bonde, bila miti, utalia. Mbegu haikubadilisha aina. Jina kwenye mfuko ni lilelile. Mavuno yanatoka kwenye mbegu, yanatoka kwenye mahali, na yanatoka kwenye namna hivi viwili vinavyokutana. Kwenye jenetiki ya mimea hatuwezi kufaulu mtihani bila kuandika hiyo. Ajabu ni kwamba tukifika kwa watu tunasahau, tunasoma jina kwenye mfuko tu.

Kosa la Gotham

Sasa kitu kinachoniuma zaidi katika hadithi hii si Dent. Ni mji.

Wote, meya, Gordon wa polisi, Batman, walijiuliza swali moja: «Huyu ni mtu wa aina gani?» Wakajibu: mtu safi. Kisha wakaning'iniza kila kitu kwenye shingo yake. Kesi zaidi ya 500 zilisimama juu ya sifa ya mtu mmoja. Akianguka, zote zinaanguka. Ndiyo maana mwishoni, Dent akiwa amekufa, Batman anakubali kubeba makosa yake na Gordon anawadanganya watu. Katika filme inayofuata, ya mwaka 2012, tunaona uongo huo umezaa sheria yenye jina la Dent, wafungwa wamewekwa ndani kwa nguvu ya jina hilo, na siku ukweli unasomwa mbele ya gereza, kila kitu kinapasuka.

Wakati huohuo, nani aliyewauza Rachel na Dent kwa adui? Polisi wawili wa kikosi cha Gordon. Dent alikuwa amemwonya Gordon kuhusu watu wa kikosi chake. Mmoja wao, Ramirez, alichukua feza za majambazi sababu ya bili za hospitali za mama yake. Mpe Ramirez kipimo chochote unachotaka. Hakuna herufi inayoitwa «mama yuko hospitali». Sisi tunaokaa huku hatuhitaji mtu atueleze hiyo herufi, tunaijua. Dawa yake ni mshahara unaofika kwa wakati, ni mtu wa pili anayehakiki kazi ya wa kwanza, ni njia ya kusema «niko na shida» bila kufukuzwa. Kumchuja mtu kwa maswali 60 hakuponyi kitu hapo.

Basi tufanye nini na hizi herufi?

Sisemi tuzitupe. Udongo wenye jina ni bora kuliko udongo usio na jina, mradi ujue jina lilitoka wapi. Mambo manne:

1. Herufi zako zichukue kama swali, usizichukue kama hukumu. «Mimi ni I» haimaanishi huwezi kutetea mémoire yako mbele ya jury. Ina maana labda utahitaji usiku mmoja wa kimya kabla na mwingine kisha. Vijana wengi wanajifungia mlango wa kazi nzuri sababu ya herufi ambayo ingebadilika wangelala vizuri.

2. Andika «kama… basi…» zako tatu. Chukua karatasi. Kama nimechoka na mtu ananipinga mbele ya watu, basi mimi… Kama feza ya kikundi iko mkononi mwangu na nyumbani hakuna chakula, basi mimi… Kama chef wangu ananiomba nisaini kitu ambacho si kweli, basi mimi… Usiandike unachotaka kuwa. Andika ulichofanya mara ya mwisho. Hii karatasi usimwonyeshe mtu, lakini itakufaa kuliko aina 16 zote.

3. Ukipewa MBTI kwenye mtihani wa kazi, jua kwamba hata wenye MBTI wenyewe wanasema haipaswi kutumiwa kuchagua nani aajiriwe. Unaweza kuuliza kwa heshima kabisa: «Samahani, karatasi hii itatumiwa kwa kitu gani?» Kuuliza hivyo si kosa. Na wewe ambaye kesho utakuwa upande wa pili wa meza, mpe mtu kazi ndogo ya kweli aifanye, umwangalie. Utajifunza zaidi.

4. Kwenye chama, kwenye koperative, kwenye ONG yako ndogo unayotaka kuanzisha, usitafute mhazini wa «aina nzuri» halafu umwachie sanduku peke yake. Weka saini mbili. Weka ripoti kila mwezi. Hii si kumtukana. Ni kumsaidia asifike peke yake kwenye mstari wake wa tatu. Maana kila mtu yuko nao, wa kwake hujui, na mara nyingi hata yeye haujui.

Huo ndio uchunguzi wangu juu ya Harvey Dent. Kama utaniuliza aina yake, nitakujibu: namba 1, ENTJ ao ENFJ kulingana na siku, bidii juu kabisa. Vyote ni kweli, na vyote vilikuwa kweli asubuhi alipokuwa tumaini la mji na usiku alipomwekea mtoto wa Gordon bastola. Kwa hiyo siku nyingine tukitaka kumpa mtu sanduku, muhuri ao kiti, tusiulize tu «ni mtu wa aina gani?» Tuulize pia: siku itakapomwangukia ile anayoiogopa, nani atakuwa karibu naye, na ni kanuni gani itamshika mkono?

Wale wa sheria, wa saikolojia, na makamarade wa agronomia, mko na neno. Tujadiliane.